Kabla ya Kuandika Barua ya Kuacha Kazi: Kwa Anayekwenda Kuishi Nje ya Nchi kwa Akiba Ndogo

Walaji wanaofika katika ofisi zetu kulalamikia safari ya nje iliyoharibika huanza, karibu wote, na habari za wakala. Wakala alipokea fedha, wakala hapokei simu, wakala aliahidi kwamba viza ingetoka ndani ya wiki mbili. Tunayapokea malalamiko hayo na kuyafuatilia. Hata hivyo, tunapoketi na mlalamikaji tukaanza kupiga hesabu kwa kalamu na karatasi, mara nyingi tunakuta kwamba fedha aliyochukua wakala si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ilianza mapema zaidi, siku mlalamikaji alipokabidhi barua ya kuacha kazi huku akiwa na mkopo wa mshahara ambao haujaisha, bila kujua ni malipo yapi anayapoteza kwa kuacha kwa hiari, na akiwa na akiba aliyoipima kwa bei ya tiketi peke yake.

Makala haya yanawahusu watu hao: walimu, makarani wa benki, wauguzi, wahudumu wa hoteli, mafundi wa kampuni za simu, yaani watu wenye ajira ya kudumu na mshahara usiokuwa mkubwa, walioamua kwenda kuona dunia na kujaribu maisha kwingine. Hatuandiki ili kuwazuia. Uamuzi wa kuondoka ni haki ya mtu, na wapo wengi walioondoka na fedha kidogo wakafanikiwa. Tunachotaka ni kwamba anayeondoka ajue bei kamili ya anachokinunua, kama tunavyotaka kwa anayenunua jokofu au kiwanja.

Kazi unayoiacha

Tuanze nyumbani, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenyewe kujua.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi isiyopungua siku 28 kabla ya kuacha kazi. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiriwa akikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata katika malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa kwa kipindi hicho. Jambo linalowashangaza wengi ni likizo: notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala siku za likizo hazihesabiwi kuwa siku za notisi. Anayepanga kuondoka mwishoni mwa likizo yake ya siku 28, akiamini kwamba notisi nayo imekwisha, amejiwekea deni la mshahara wa mwezi mzima. Kwa Zanzibar inatumika Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na msomaji wa huko aulize masharti yake kwenye ofisi ya kazi iliyo karibu.

Wapo pia wanaoondoka bila barua yoyote. Huchukua likizo, hupanda ndege, kisha hunyamaza. Kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na kumbukumbu hiyo hubaki katika jalada lake. Atakaporudi nchini na kuomba kazi nyingine, au atakapohitaji barua ya uthibitisho wa uzoefu akiwa huko huko nje, atakuta mlango ameufunga mwenyewe. Mwajiriwa anayemaliza kazi kwa utaratibu ana haki ya kupewa hati ya utumishi. Idai kabla ya kuondoka, wala usikubali kuahidiwa kwamba itatumwa baadaye.

Kuhusu malipo, tunaomba msomaji aisome sentensi hii mara mbili: anayeacha kazi kwa hiari hapati kila anachopata anayeachishwa. Kiinua mgongo kilichowekwa na Sheria ya mwaka 2004, yaani mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayejiuzulu hubaki na mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyoistahili bila kuichukua, na chochote kinachotajwa na mkataba wake. Vivyo hivyo, fao la kukosa ajira katika mifuko ya hifadhi ya jamii limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi, si kwa aliyeiacha. Mtu aliyepanga safari kwa kutegemea kwamba “mafao ya NSSF yatatoka mwezi ujao” anapaswa kufika kwenye ofisi ya mfuko wake, akiwa na namba ya uanachama, na kuuliza hali yake kabla ya kuandika barua.

Kuna hesabu nyingine ya mbali kidogo, nayo ni ya pensheni. Ili mwanachama apate pensheni ya uzeeni anahitaji kuwa amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mwenye miezi 40 anaweza asione uchungu wowote. Mwenye miezi 150 anaacha kitu kikubwa mezani, na ni vema aulize kama anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari akiwa nje. Ofisa wa mfuko atamjibu bila malipo.

Deni linalosafiri na mwenye nalo

Mkopo wa mshahara hutolewa kwa sababu benki ina uhakika kwamba makato yatafanyika kila mwezi kabla mshahara haujamfikia mkopaji. Ajira ikiisha, uhakika huo umekwisha. Mikataba mingi ya mikopo ya aina hii ina kifungu kinachosema kwamba mkopaji akiacha kazi, salio lote linaweza kudaiwa kwa pamoja. Kifungu hicho huandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa katikati, na tumewahi kukaa na walaji ambao walikisoma kwa mara ya kwanza mbele yetu, miaka mitatu baada ya kukitia saini.

Nenda benki kabla ya kuandika barua. Omba taarifa ya salio kwa maandishi, uliza kama kuna tozo ya kulipa mkopo mapema, na uliza kama benki itakubali mpango mpya wa marejesho. Benki husikiliza vizuri zaidi kabla mtu hajaondoka.

Wenye mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nao wakumbuke kwamba yale makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yalikuwa njia tu ya kulipa. Kazi inapokoma, makato hukoma, bali deni halikomi, na wajibu wa kulipa unahama kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mdaiwa mwenyewe.

Kuna deni moja ambalo halionekani kwenye taarifa ya benki. Katika SACCOS nyingi za kazini, mkopo wa mwanachama hudhaminiwa na wanachama wenzake wawili au watatu. Mkopaji akiondoka bila kulipa, akiba za wadhamini ndizo zinazokatwa. Kwa maneno mengine, mwenzako uliyekaa naye meza moja miaka minne, aliyekuaga kwa chai na keki siku yako ya mwisho, ndiye atakayelipa. Watu wengi hulisahau hili katika furaha ya safari, kisha huwa aibu inayowazuia kupiga simu nyumbani. Tunaona ni haki wadhamini waelezwe mapema, na ikiwezekana deni lao lilipwe kwanza kuliko mengine yote.

Hesabu ya miezi ya mwanzo

Tuchukue mfano. Namba tunazotumia ni za kuonyesha namna ya kuhesabu tu. Kila msomaji aweke za kwake.

Mfanyakazi ana akiba ya shilingi 5,000,000, na bado anadaiwa mkopo unaokatwa shilingi 280,000 kwa mwezi. Benki imekubali aendelee kulipa kiasi hicho akiwa nje. Pasipoti inamgharimu shilingi 150,000. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,800,000, na viza pamoja na bima ya safari ni shilingi 450,000. Siku anapopanda ndege amebakiwa na shilingi 2,600,000. Akifika anapata chumba cha kushirikiana na wenzake kwa shilingi 450,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana inayolingana nayo. Hizo ni shilingi 900,000. Amebakiwa na 1,700,000.

Chakula, nauli na simu, kwa mtu anayejibana, tuseme shilingi 550,000 kwa mwezi. Ukiongeza rejesho la mkopo, mwezi wa kwanza unakula shilingi 830,000. Mwezi wa pili unaanza akiwa na 870,000. Analipa kodi, analipa mkopo, na mkononi zinabaki shilingi 140,000. Fedha hiyo ni chakula cha wiki moja. Akiba iliyomchukua labda miaka miwili kuikusanya imekwisha katika wiki ya kwanza ya mwezi wa pili, hata kama hakuibiwa, hakuugua wala hakununua koti.

Sasa tubadilishe jambo moja tu: mtu huyo huyo, akiba ile ile, lakini alimaliza mkopo wake kabla ya kuanza kuweka akiba. Atafika mwisho wa mwezi wa pili akiwa amelipa kila kitu, na shilingi 150,000 mfukoni. Wiki hizo tatu za ziada si jambo dogo kwa mtu anayetafuta kazi au anayesubiri majibu ya ofisi ya serikali ya ugenini.

Wengi hujaribu kuzipata wiki hizo kwa njia nyingine: hununua tiketi ya kwenda tu. Katika mfano wetu, tuseme tiketi hiyo ni shilingi 1,100,000. Ameokoa shilingi 700,000. Ukizirudisha kwenye hesabu ya mtu mwenye mkopo utaona kwamba zinamfikisha mwisho wa mwezi wa pili, wala hazitoshi kulipa kodi ya mwezi wa tatu. Ameuza safari yake ya kurudi kwa bei ya wiki tatu za kuishi. Tena anaweza asipate hata nafasi ya kuondoka, kwa kuwa shirika la ndege huwajibika kumrudisha abiria aliyekataliwa kuingia nchini. Ndiyo maana mhudumu wa kaunta ya uwanja wa ndege huuliza tiketi ya kurudi kabla hata ofisa wa uhamiaji wa huko uendako hajakuona.

Ushauri wetu ni kwamba hesabu ianzie mwisho. Nauli ya kurudi itengwe kwanza, katika akaunti ambayo kadi yake huitembei nayo au mikononi mwa ndugu anayeaminika, na isihesabiwe kuwa sehemu ya akiba ya kuishi. Anayetaka kipimo cha kiasi gani kinatosha asiulize marafiki walioko huko, kwa kuwa rafiki hupunguza ukali wa maisha yake anapozungumza na wa nyumbani. Aangalie masharti ya viza. Serikali ya Ujerumani, kwa mfano, kuanzia Septemba 2024 humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe katika akaunti maalumu euro 11,904 kwa mwaka, ambazo ni euro 992 kwa mwezi. Nchi yenyewe imekwisha kukokotoa, na hicho ndicho inachokiona kuwa cha chini.

Wakati mwingine jibu la hesabu hii ni kuahirisha kwa miezi minane. Wakati mwingine ni kuomba likizo bila malipo. Waajiri wengine huikubali, hasa kwa mfanyakazi mzuri, na swali hilo halina gharama. Wapo pia wanaoamua kuanza na nchi jirani. Mtanzania haitaji viza kuingia Kenya, Uganda au Rwanda, nauli ya basi hulipika, na kurudi ni suala la siku moja au mbili. Hata huko, hata hivyo, ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na bado anayetaka kuajiriwa nchi nyingine ya Jumuiya huomba kibali.

Viza inaruhusu nini

Viza ni kama tiketi ya mechi: inaonyesha mlango, siku na kiti. Ya matembezi huruhusu matembezi. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, kwa mfano, humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za eneo hilo kwa pamoja. Kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Ubelgiji hakuanzishi hesabu mpya. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Ombi hilo huambatanishwa na barua ya mwajiri na uthibitisho wa mshahara. Aliyekwisha kujiuzulu hana barua hiyo, na anayewasilisha barua ya kazi aliyokwisha kuiacha anadanganya kwenye nyaraka rasmi, jambo linaloweza kumfungia milango kwa miaka.

Vijana wengi husoma kuhusu kusafiri kwa gharama ndogo kwa kujitolea: kufanya kazi shambani au katika nyumba ya wageni kwa saa chache, nawe ukapewa chakula na kitanda. Nchi nyingi huhesabu mpango huo kuwa ni kazi, hata kama hakuna mshahara. Uingereza humruhusu mgeni wa matembezi kujitolea kwa siku zisizozidi 30 tu, tena katika taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Uliza ubalozi wa nchi husika, na jibu liwe la maandishi.

Kwa nchi za Ghuba, kosa linalotufikia mara nyingi ni la mtu kuambiwa aingie Dubai kwa viza ya matembezi, “mambo ya kibali yatarekebishwa ukiwa huko.” Kufanya kazi kwa viza ya matembezi katika Umoja wa Falme za Kiarabu ni kinyume cha sheria. Muda wa viza ukipita, faini ni dirham 50 kwa siku. Kwa siku 30 ni dirham 1,500, ambazo ni zaidi kidogo ya dola 400 za Marekani. Mtu asiye na kazi hana njia ya kuipata fedha hiyo, na kila siku anayokaa kuitafuta huongeza deni. Kumbuka kwamba nauli ya kurudi aliyoiuza kwa wiki tatu ndiyo ingemtoa hapo siku ya 29.

Anayeingia kwa mkataba wa kazi naye ausome. Katika mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi hufungamana na mwajiri aliyemdhamini, hivyo kugombana na mwajiri si sawa na kugombana naye hapa nyumbani. Kunaweza kugusa haki ya kuwepo nchini. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mkataba wa lugha mbili ukitofautiana, nakala ya Kiarabu ndiyo yenye nguvu. Mtu akifika Muscat akasikia Kiswahili dukani huona yuko kwao, na kwa mazungumzo ni kweli yuko kwao. Mkataba haukuandikwa kwa lugha hiyo. Utafutie mfasiri kabla ya kutia saini.

Unapokutana na wakala

Wakala halali wapo, na hufanya kazi yenye manufaa. Uwakala binafsi wa huduma za ajira unasimamiwa na Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na wakala anayepeleka watu kufanya kazi nje anatakiwa kuwa na leseni. Leseni ya biashara ya kawaida, ile inayotundikwa ukutani hata kwenye duka la vocha, siyo hiyo. Mwombe namba ya leseni yake ya uwakala wa ajira, kisha uihakiki TaESA au katika ofisi ya kazi. Uhakiki ufanye mwenyewe. Picha ya leseni iliyotumwa kwenye simu si uhakiki.

Sikiliza namna bei inavyotajwa. Kwa mujibu wa kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa mwaka 2025, bei za bidhaa na huduma zinazotolewa ndani ya nchi haziruhusiwi kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika maeneo machache yaliyotajwa. Wakala wa mtaani kwetu anayedai “dola mia tano za huduma” anavunja kanuni katika sentensi yake ya kwanza, nawe una sababu ya kujiuliza kuhusu ya pili. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya kazi inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, ama moja kwa moja au kupitia mtu mwingine. Hivyo, ukiambiwa kwamba fedha unayotoa “inakwenda kwa mwajiri ili akupe nafasi,” kuna uongo mahali fulani.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayoiuza. Tunawajibika kuwaeleza walaji kwa uwazi, hata hivyo, kwamba sheria hufanya kazi kwa ushahidi. Mtu aliyelipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, bila risiti ya mashine ya EFD, bila mkataba, na mazungumzo yote yakiwa ya sauti, ametuachia kazi ngumu mno. Lipa kwa akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni. Dai risiti inayotaja malipo ni ya nini. Mkataba useme ni kiasi gani kitarudishwa viza ikikataliwa na ndani ya siku ngapi. Wakala hawezi kuahidi viza, kwa kuwa si yeye anayeitoa, na anayeiahidi anauza mali isiyo yake.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko ya kupoteza fedha. Tangu mwaka 2022 imeripotiwa mara kwa mara namna vijana wa Afrika Mashariki walivyoitikia matangazo ya kazi za huduma kwa wateja nchini Thailand, wakapokelewa uwanja wa ndege vizuri tu, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo ambako walilazimishwa kuwatapeli watu kwa njia ya mtandao. Wengi wao hawakuwa watu wasiojua kitu; walikuwa wasomi wenye Kiingereza kizuri na ujuzi wa kompyuta, kwa sababu ndio waliotafutwa. Mshahara uliotangazwa ukiwa mara nne ya kazi ya namna hiyo mahali pengine, usaili ukifanyika kwa dakika kumi, na nauli ikilipwa na mtu usiyemjua, simama. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa chini ya Sheria ya mwaka 2008, na taarifa hupokelewa katika kituo chochote cha polisi.

Bima, na fedha njiani

Mtu mwenye fedha kidogo huona bima ya safari kuwa anasa. Sisi tunaiona kinyume: mwenye fedha nyingi anaweza kulipa hospitali ya ugenini mwenyewe. Nchi za Schengen hudai bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, inayogharimia matibabu ya dharura na pia kumrejesha mtu nyumbani, akiwa mgonjwa au akiwa marehemu. Si maneno mazuri kuyaandika katika kijitabu, lakini sote tumewahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia kusafirisha mwili. Nunua bima kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA, na kabla ya kulipa soma sehemu ya mambo yasiyogharamiwa. Mara nyingi humo mmetajwa magonjwa ya zamani, ujauzito, na ajali zinazotokea mtu akiwa kazini. Bima iliyonunuliwa kwa matembezi huweza kumkana mtu aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi.

Unapotuma fedha nyumbani au kutumiwa, usilinganishe ada peke yake. Uliza: nikitoa kiasi hiki hapa, atapokea shilingi ngapi kule? Kampuni inayotangaza ada ya sifuri inaweza kuwa imeiweka faida yake katika kiwango cha kubadilishia fedha.

Wiki ya mwisho

Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita kuanzia siku ya safari, kwa kuwa nchi nyingi hudai hivyo. Acha nakala za pasipoti, viza, mkataba, tiketi na bima kwa mtu mmoja wa nyumbani, na umwelekeze namba ya ubalozi wetu unaohudumia nchi unayokwenda. Nchi nyingine hazina ubalozi wa Tanzania na huhudumiwa kutoka nchi jirani. Ubalozi huweza kumpatia aliyepoteza pasipoti hati ya dharura ya safari. Si mfuko wa nauli, na haulipi madeni ya mtu.

Kama kuna mambo ya benki, kiwanja au SACCOS yatakayohitaji saini yako, mwandikie unayemwamini hati ya uwakili mbele ya wakili kabla ya kuondoka, nayo itaje mambo mahususi anayoruhusiwa kufanya. Mwisho ni laini ya simu. Ujumbe wa uthibitisho wa benki hutumwa kwenye namba iliyosajiliwa, na laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba hiyo kupewa mtu mwingine. Fika kwa mtoa huduma wako, uliza laini itadumu kwa muda gani bila kutumika na kama itapokea ujumbe mfupi ukiwa nje, kisha ijaribu ungali hapa, kwa muamala mdogo, uone ujumbe umefika.